Tairi la Utepe Mwekundu

Kona ya Babu wa Ardhi ilimwangusha A-Hun tena, na safari hii mbele ya shemeji yake.

Hakuanguka kwa kishindo. Gurudumu la mbele lilichomoka tu kuelekea nje, kama sabuni inavyochomoka mkononi, baiskeli ikalala, naye akalala nayo, akaburuzwa juu ya changarawe mpaka karibu na ngazi za kihekalu cha huyo Babu, mungu mlinzi wa ardhi. Khu, shemeji yake, alikuwa amekaa kwenye ngazi hizo hizo akitafuna tambuu. Hakuharakisha kuinuka.

"Wengine humsalimu Babu kwa kuinama," alisema. "Wewe umempa kifudifudi kabisa. Atafurahi."

"Niinue kwanza, shemeji. Utanicheka baadaye."

"Nakucheka sasa. Kukuinua ndiko kutakuja baadaye."

Akamwinua hata hivyo, akamkung'uta udongo mwekundu mgongoni kwa makofi yaliyozidi nguvu kidogo. Khu alikuwa amemwoa binamu yake A-Hun, na utani wao ulikuwa wa miaka mingi. Lakini siku zile utani ulikuwa na mfupa ndani.

Mfupa wenyewe ulikuwa huu. A-Hun alikuwa mwenyekiti wa chama cha wachimba njia, watu waliochonga kwa majembe yao njia ya baiskeli inayoshuka vilima vya Bagua, katikati ya minanasi na miti ya matunda ya longani, mpaka juu kidogo ya mji wa Yuanlin. Khu alikuwa makamu wake. Na chama kile kilikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote. Siku ya sikukuu ya Babu wa Ardhi, mwezi wa pili wa kalenda ya zamani, mwenyekiti hufungua njia kwa kushuka wa kwanza, na toka kileleni mpaka apite kihekalu hagusi chini kwa mguu. Ardhi ya siku hiyo ni paja la Babu, na paja la mzee halikanyagwi. Aliyeanzisha jambo hilo ni marehemu mzee Phuann, tena alilianzisha kwa mzaha, akiwa amelewa pombe ya mtama. Mzaha ukakaa, ukaota mizizi, ukawa sheria. Mwenyekiti akikanyaga, kiti kinahamia kwa makamu pale pale, bila kura wala maneno.

Na mwaka ule Kiwanda kilikuwa kinasubiri kuona nani atakaa kwenye kiti hicho.

Kiwanda cha matairi kule bondeni kilitaka njia ile iwe yake, kijaribie matairi mapya. Kingeweka uzio, lango na mlinzi. Wanachama wangeruhusiwa kupita Jumapili, kadi shingoni. Wenye mashamba walishasema watakubali atakachokubali mwenyekiti. A-Hun alishasema hapana. Khu alikuwa na maoni mengine.

"Watatujengea choo, A-Hun," alisema, akimshikia baiskeli. "Choo cha vigae. Sasa hivi tunajisaidia kwenye minanasi kama mbwa."

"Na ufunguo wa hicho choo atakaa nao nani?"

"Hayo ni maswali ya mtu ambaye hajabanwa."

"Nilibanwa miaka yote niliyokuwa kwao. Chooni tulikuwa tunakwenda kwa filimbi."

Khu akatema mate mekundu pembeni. Alijua habari ikianzia kwenye filimbi itaishia wapi.

A-Hun hakuwa mtu wa kusahau. Aliingia Kiwandani akiwa msichana aliyetoka shuleni juzi, akasimama mbele ya tanuri la kupikia matairi, akasimama hapo mpaka nywele zikaanza mvi. Siku safu yao ya matanuri ilipofungwa ili ihamishiwe nchi ambayo jasho lake lina bei ya chini zaidi, meneja alilia kwenye kipaza sauti. Alilia vizuri, kwa kitambaa. Kisha kila mfanyakazi akapewa mkononi tairi moja la baiskeli ya milimani, limefungwa utepe mwekundu kama zawadi ya harusi. Tairi walilolipika wenyewe. Wengine walilitupa mtoni njiani. Mmoja alilijaza udongo akapandia vitunguu. A-Hun alilivalisha gurudumu lake la mbele, akaapa mbele ya wenzake kwamba atalitembeza mpaka liishe, na siku likibaki nyuzi, atawarudishia hizo nyuzi.

Tairi likakataa kuisha. La mbele huwa haliishi upesi. La nyuma ndilo linalosukuma na kuburuzwa na breki, ndilo linalokuwa kipara. Kwa hiyo A-Hun alinunua la nyuma, likaisha, akanunua jingine la nyuma, na mbele likabaki lile lile, meno yake yamesimama wima kama ya kijana. Utepe nao ulikuwa bado umefungwa chini ya kiti, umepauka.

*

Duka la Teng, fundi baiskeli, lilikuwa kando ya reli, jirani na mama anayeuza mikate ya mvuke. Teng aliwahi kuwa mshindani mpaka goti likamkatalia.

"Nitazamie breki," A-Hun alimwambia. "Zinakamata ghafla. Ndiyo maana naanguka pale kwa Babu."

Teng alibana breki ya mbele, akaiachia. "Breki nzima."

"Basi ni shokapu."

"Shokapu nzima." Teng akachuchumaa kwa goti lake moja zima, akaweka ukucha wa kidole gumba kwenye jino la pembeni la tairi. "Njoo uweke ukucha hapa."

A-Hun hakuja.

"Weka ukucha, dada. Uniambie kama huu ni mpira au ni kwato ya nyati."

"Meno yake yamo yote."

"Meno hata fuvu linayo yote." Teng alijifuta mikono. "Wewe umepika mpira nusu ya maisha yako, halafu nikufundishe mimi? Keki ya mchele ya mwaka mpya, siku ya kwanza unaivuta inavutika. Ikikaa, unaweza kumpigia mwizi. Hili lako sasa ni la kumpigia mwizi."

A-Hun alijua. Alikuwa amejua siku nyingi, kama mtu anavyojua kuhusu jino bovu ambalo ulimi wake unalikwepa. Kwenye mashina ya meno ya tairi kulikuwa na nyufa ndogondogo, kama tope la shamba la mpunga lililokaukiwa. Mpira huzeeka hata ukiwa umesimama tu. Mkufunzi wake wa kwanza pale kwenye tanuri alimwambia hivyo, naye akawaambia wasichana waliokuja baada yake.

"Halafu mapya yote umeweka nyuma," Teng aliendelea, kwa sababu alikuwa ameshaanza. "La nyuma likiteleza, unatikisa kiuno, safari inaendelea. La mbele likiteleza, safari imekwisha. Jipya hukaa mbele, na lililotoka mbele ndilo linakwenda kumalizikia nyuma. Wewe umegeuza dunia kichwa chini kwa sababu ya hasira."

"Si hasira. Ni kumbukumbu."

"Basi kumbukumbu yako haishiki kwenye kona."

Alitoa matairi matatu, akayalaza juu ya meza moja moja. La kwanza lilikuwa na meno mafupi yaliyosongamana. Linakimbia hilo, alisema Teng, zuri la barabara kavu na la watu wenye haraka. Pale kwa Babu, changarawe juu ya udongo mgumu, litakuwa linatembea juu ya shanga. La pili lilikuwa na miiba mirefu iliyoachana, tairi la tope zito. La tatu alilaza jina likitazama chini.

"Geuza hilo," A-Hun alisema.

"Lishike kwanza."

Alilishika. Meno ya pembeni yalikuwa makubwa, ya mraba, yamejengewa kitako nyuma ili yasipinde yakisukumwa. Katikati na pembeni vilitenganishwa na mfereji mtupu. Aliminya jino moja, likazama chini ya ukucha, kisha likarudi taratibu, bila pupa, kama mtu anayeinuka usingizini. Mpira laini kabisa. Mkono wake ulilitambua kabla yeye mwenyewe hajakubali.

"Geuza, Teng."

Teng akageuza. Jina la Kiwanda lilikuwa pale ubavuni, la njano, herufi kubwa.

"Silitaki."

"Sikukuuliza unalolitaka. Uliniuliza linaloshika."

"Nipe la miiba."

"La miiba ni la tope. Pale kwa Babu hakuna tope, pana sakafu iliyomwagiwa kokoto."

"Nipe la miiba, Teng. Au nalo umemwekea mteja mwingine?"

Teng alilivalisha la miiba, na lile la tatu akaliacha mezani, jina likitazama juu.

A-Hun alipanda nalo kilimani siku hiyo hiyo. Kwenye kivuli cha longani, penye udongo laini, lilichimba vizuri mpaka akaanza kutunga maneno ya kumwambia Teng. Lakini lilipofika kwenye udongo mgumu miiba ilipinda chini yake, ikayumba, akajisikia kama mtu anayeteremka ngazi kwa viatu vya mchuchumio. Kwenye kona ya Babu hakuanguka. Alikanyaga tu, mguu mzima, karibu kabisa na ngazi. Akarudi juu, akashuka, akakanyaga tena pale pale. Alisimama akiitazama alama ya kiatu chake kwenye paja la mzee. Siku ya sikukuu, unyayo ule mmoja ungekuwa lango, mlinzi na kadi shingoni.

*

Teng alikuwa anakula alipomwona akiingia na baiskeli. Alimalizia kutafuna.

"Usiseme," A-Hun alisema.

"Nimesema nini?"

"Nitazame lile la tatu. Kutazama tu. Na usiniletee la mpira mgumu. Najua jinsi wanavyofanya. Jina moja, sura moja, tumbo tofauti. Gumu hulipika kwa ajili ya baiskeli mpya, lidumu mpaka mnunuzi asahau alikonunua."

Akaliminya tena, lilikuwa lile lile laini. Akaligeuza, akalifungua midomo kutazama ndani, kama alivyokuwa akifanya kwa kila tairi lililotoka kwenye tanuri lake. Hapo mkono ukasimama.

Ndani, kwenye mpira mweusi, palikuwa na samaki.

Samaki mdogo wa chaki, mwenye jicho na pezi moja. Wapikaji wa Kiwanda hulipwa kwa idadi ya matairi, na kila mmoja huweka alama yake ya chaki ndani ya tairi kabla halijatoka mikononi mwake, mwingine asije akamhesabia jasho lake. Ya A-Hun ilikuwa duara lenye nukta. Rafiki yake wa tanuri la pili alichora kikombe. Mwenye samaki, A-Hun hakumjua. Samaki alikuwa mtu mpya, katika ile safu moja iliyobaki hapa Yuanlin, safu ya mpira laini, kwa sababu mpira laini ni mgumu kupika na wale mabwana hawakuthubutu kuupeleka mbali. Mtu huyo alikuwa amesimama mbele ya tanuri na viwiko vyenye makovu ya kuungua, kama vyake, akisubiri filimbi, na bado alipata nafasi ya kuchora jicho.

"Lina kasoro?" Teng aliuliza.

"Halina. Limepikwa vizuri." A-Hun alipitisha kidole mfereji wote. "Livalishe. Na unipe ile kalamu nene unayoandikia maboksi."

Teng alilivalisha, akamimina ndani maji mazito ya kuziba matundu, akajaza upepo kidogo kuliko A-Hun alivyozoea, kwa maelezo kwamba tairi lililojaa kama ngoma linarukaruka juu ya kokoto badala ya kuzikumbatia. Wakati huo A-Hun alikuwa amekaa kwenye kigoda akilifunika jina la njano kwa wino mweusi, herufi baada ya herufi, pande zote mbili.

"Unamficha nani?" Teng alimwuliza. "Babu anaona."

"Simfichi Babu. Nakataa kuwatangazia bure."

"Basi sikiliza, mama wa kumbukumbu. Huo mfereji hapo, ukilaza baiskeli nusunusu, unakuwa umesimama juu ya huo mfereji, na pale hakuna kitu. Utahisi linaelea. Utaogopa, utainua, utaanguka. Likianza kuelea, laza zaidi. Sukuma baiskeli chini, wewe ubaki juu, mpaka meno ya pembeni yaume."

"Najua."

"Ulijua na habari ya ukucha."

*

Asubuhi ya sikukuu ilinyesha manyunyu. Kihekaluni walikuwa wamewasha udi, wamepanga nanasi, karanga na keki mbele ya Babu, na kikundi cha vikaragosi kilikuwa kikifunga jukwaa lake. Watu walijipanga upande wa ndani wa kona na vigoda vya plastiki. Makamu ndiye shahidi wa kona, na Khu alisimama karibu kabisa na njia. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi.

"Shemeji Khu anaoa tena?" mama muuza karanga aliuliza kwa sauti.

"Sivai shati kumwombea mtu aanguke," Khu alisema. "Navaa kwa sababu ya Babu."

"Mwaka jana Babu ulimvalia fulana."

Kileleni A-Hun alisikia fataki za kumwita. Akaachia breki.

Sehemu ya juu ilimtendea wema. Kokoto zilizokuwa zikimchezesha mbele sasa zilikanyagwa na kubaki chini, na mikono yake, iliyokuwa imezoea kuushika usukani kama mtu anayeshika mwizi, ilianza kulegea. Kona ya longani alipita. Kona ya kisima alipita akiwa amelaza kuliko alivyowahi kulaza. Kisha miti ikafunguka, akaona moshi wa udi na shati jeupe.

Kona ile hupinda kushoto na ardhi yake imeinamia nje, kuelekea bonde. Mwili wake uliikumbuka kabla yake. Ulibana breki mapema, ukasimamisha baiskeli, ukalaza nusu. Na gurudumu la mbele likaanza kuelea, laini, bila sauti, vile vile kama sabuni. Mguu wake wa kushoto ukatoka wenyewe kwenye pedali.

Palikuwa na mahali pawili pa kwenda: chini kwa mguu, au kulaza zaidi kama Teng alivyosema. Aliachia breki, akakandamiza pedali ya nje kwa mguu wa kulia, akausukuma usukani chini, ndani, mbali na mwili wake, kama mtu anayesukuma mlango mzito wa tanuri. Baiskeli ikalala chini yake. Kwa kitambo hapakuwa na kitu. Kisha meno ya pembeni yakakuta udongo yakauma. Alihisi mpaka kwenye viwiko, kukasikika mkwaruzo kama wa nguo nzito inayochanwa, na kona ikampitisha, ikamtema upande wa pili wa kihekalu akiwa wima.

Hakuna aliyeshangilia. Wote walikuwa wanamtazama Khu. Mguu ule wa kushoto ulikuwa umening'inia nje, na aliyekuwa karibu nao ni yeye peke yake.

Khu alichuchumaa pale kwenye kona. Alitazama udongo mbichi kwa muda mrefu, na tope likamgusa shati. A-Hun alisimamisha baiskeli.

"Mguu haukugusa," Khu alisema.

"Sema kwa nguvu."

"Haukugusa, jamani. Ulipita juu kwa unene wa kandambili. Lakini haukugusa." Akainuka, akaitazama ile alama ndefu ya meno iliyochimbwa kwenye kona, akaifuata kwa macho mpaka kwenye gurudumu. Akaanza kucheka. "Lo. Shemeji, hebu sogea. Wino wako umefutika."

Kokoto na tope vilikuwa vimekwangua ubavu wa tairi. Nusu ya jina la njano ilikuwa nje, inang'aa.

"Kumbe!" Khu aliwageukia watu. "Mwenyekiti wetu anayewatukana asubuhi na jioni, leo aliyemwokoa ni nani? Ni Kiwanda. Kikulacho ki nguoni mwako, na kikushikacho ki gurudumuni mwako."

Watu walicheka, na A-Hun aliwaacha wamalize.

"Kiwanda ni mabati, lango na filimbi, shemeji," alisema. "Mabati hayapiki. Hili limepikwa na mtu. Uzio nao umeletwa na nani? Maana sijaona mpikaji aliyekuja kuomba uzio."

"Na choo?"

"Choo tutachimba wenyewe. Wewe ndiye utaanza, maana ndiye uliyebanwa."

Khu alitazama shati lake, akaona limeshachafuka. "Nipewe jembe zuri basi," alisema. "Lile la mwaka jana lilikuwa bovu."

*

Siku ya pili A-Hun alishuka mpaka kwenye lango la Kiwanda na jibu la chama. Begani alikuwa amebeba lile tairi la zamani, na utepe amelifunga tena, umepauka hivyo hivyo. Alimpa mlinzi.

"La nani?"

"La meneja. Niliahidi kumrudishia nyuzi. Mwambie sikufika kwenye nyuzi, mpira wake ulikufa kabla. Na mwambie njia haitoki."

Mlinzi alilishika lile tairi asijue aliweke wapi. Filimbi ikalia, ile ile. Wafanyakazi wa zamu wakaanza kutoka, wanawake wengi, wengine wa hapa hapa, wengine wa kutoka Vietnam, wamebeba vyombo vyao vya chakula, mikono ya mashati imeshushwa kufunika viwiko.

A-Hun alisimama katikati ya njia yao na baiskeli yake.

"Dada zangu, nani kati yenu anachora samaki?"

Walimpita. Wawili walitazamana. Walishafundishwa kwamba mtu akikuuliza alama yako getini, kuna tairi limerudishwa na kuna mshahara utakaokatwa. Mwishoni msichana mmoja mwembamba alipunguza mwendo, chombo cha chakula amekikumbatia kifuani, akauliza kwa lafudhi ya mbali:

"Kwa nini? Limeharibika?"

"Hapana," A-Hun alisema. "Limeshika."